Siku Githinji Alipofua Mablanketi ya Jumba Zima

TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE WA JUMBA LA NEEMA, MOWLEM.

Kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia mateso mliyoyapata baada ya kukatiwa intaneti bila huruma, mimi mwenye jumba hili nimeamua kwamba Jumamosi hii caretaker wetu, Bwana Githinji, atafua mablanketi ya kila nyumba bila malipo, iwe ishara ya majuto yake. Yaleteni juu ya paa asubuhi na mapema. Atakayechelewa asimlaumu mtu. Wenu katika uadilifu, Madam Jecinta.

Chini yake kulikuwa na muhuri wa bluu, mviringo, wa kupendeza.

Madam Jecinta hakuandika hata nukta moja ya maneno hayo. Niliyaandika mimi, Wakoli, nikiwa nimekalia ndoo bafuni, na muhuri niliuchonga kwa soli ya patapata yangu ya kushoto. Ufundi huo niliupata bwenini, ambako muhuri wa namna hiyo umewahi kuwatoa wenzangu shuleni kwenda kwa daktari wa meno wakiwa na meno mazima kabisa.

Ikiwa gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, yaliyopita ni haya.

Tunaishi orofa ya tatu, katikati ya majumba mawili yaliyotuzidi urefu. Simu humu ndani haishiki mtandao mpaka uning'inie dirishani jikoni kama nguo. Nyanya yangu kule Kimilili aliwekewa dishi la intaneti juu ya mabati na Mjomba Opicho, na kila asubuhi anatutumia video ya ndama, safi kama sinema. Sisi wa jiji kuu tunamwona ndama huyo nusu nusu, kichwa leo, mkia kesho.

Mkombozi wetu alikuwa waifai ya waya, iliyovutwa kutoka jumba la jirani hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya paa letu. Ufunguo wa kisanduku anao Githinji, mtunzaji wa jumba.

Dada yangu Celine anasomea uuguzi kwa mtandao. Mtihani wake mkubwa aliufanya chumbani, mlango umefungwa kama chuo kinavyotaka, kamera ikimtazama. Katikati ya mtihani waya ikafa. Nilipomaliza kumtuliza dada nilipanda ngazi mbio, nikakutana na Githinji akishuka kutoka kwenye paa, koleo mkononi, uso umekunjamana. Nikajua. Nani asingejua?

Mwalimu wake, Dkt. Mumin, alipotaka kujua kilichotokea, nilichukua simu nikamwambia kwa sauti ya askofu kwamba nilimwona caretaker akikata waya, kwa macho yangu mawili. Akaniamini. Akampa Celine mtihani wa marudio, Jumamosi saa nane mchana. Akitoweka tena mtandaoni, anarudia mwaka mzima, na mwaka mzima Mama hana.

Kwa hivyo unaona kwamba Githinji alistahili. Na Jumamosi niliichagua kwa hesabu. Mtu aliyezama kwenye beseni la povu hana mkono wa kushikia koleo. Nilipize kisasi na wakati huohuo nilinde mtihani. Nilijiona mkuu wa majeshi.

Hapo ndipo tunapoendelea.

Jumamosi asubuhi nilikuwa getini mapema, nimeegemea ukuta kama mtu asiye na habari. Tangazo lilikuwa limebandikwa mahali pa kawaida pa matangazo ya maji. Mama Kim wa orofa ya kwanza, ambaye sauti yake inasikika mpaka Dandora, alilisoma kwa niaba ya wote.

"Atafua mablanketi! Githinji! Ngai, nimeishi nikaona!"

"Bure?" mtu akauliza.

"Bure! Na kuna muhuri!"

Githinji akatokea kwenye kichumba chake na mswaki mdomoni. Akasoma. Akasoma tena, akifuatisha maneno kwa kidole. Akatoa simu, akampigia Madam Jecinta. Haikupatikana. Nilijua haitapatikana, maana Madam alikuwa ameenda mazishi Kirinyaga, na kwenye mazishi huzima simu tangu asubuhi.

Nilingoja alipuke. Nilikuwa nimejiandalia hata mahali pa kusimama nikiyaonea raha matusi yake.

Githinji akatema povu la mswaki. "Majuto," akasema polepole. "Amesema ni majuto?"

"Ndiyo, mzee," nikamjibu kwa upole wa mwanakwaya. "Ishara ya majuto."

Akanitazama. "Wewe wa shule ya bording, unajua mambo ya barua. Hii ni amri, au ni ombi?"

"Mzee, kwa jinsi ilivyoandikwa, naona ni amri. Tena nzito."

Akaguna, akaenda kutafuta mabeseni.

Mama alikuwa akifunga furushi lake la nguo za kuuza sokoni Gikomba niliporudi nyumbani. "Nasikia Githinji anafua," akasema. "Toa yale mablanketi yetu mawili uyapeleke."

"Mama, yetu ni safi."

"Safi ya nani? Yananuka mafuta ya taa."

"Nitayafua mwenyewe, Mama. Kwa mikono yangu."

Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Hakuipata, akaenda zake. Nami mablanketi yetu nikayaacha kitandani. Sikutaka hasira za Githinji ziishie kwenye kitambaa cha familia yangu.

Saa tatu hivi nilipanda juu ya paa kuvuna nilichopanda. Mablanketi yalikuwa yamerundikana kama mlima: ya rangi ya zambarau yenye picha ya chui, ya watoto, ya wazee, mengine yasiyotajika. Githinji alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, anayakanyaga ndani ya beseni kubwa kama mtu anayetembea bila kufika.

Nikaketi kwenye tangi la maji na mandazi yangu. "Mzee, pole kwa kazi."

"Asante, kijana."

"Hilo la chui bado lina doa."

"Wapi?"

"Pale. Kwenye sikio la chui."

Akainama, akasugua sikio la chui. Ndani yangu kukawa na sherehe. Nilimkumbuka Celine alivyokaa sakafuni siku ile, amekumbatia magoti, skrini mbele yake imeandika kwamba muunganisho umepotea. Sugua, mzee, nikasema moyoni. Sugua mpaka chui apige kelele.

Lakini kisasi kina tabia mbaya. Ukikiacha peke yake kidogo tu, kinajifanyia urafiki na adui yako.

Githinji alianza kuimba. Wimbo wa kanisani, kwa Kikuyu, wa polepole, unaofuata mguu kwenye beseni. Mama Kim akaja kusikiliza. Kusikiliza kukawa kuitikia, na kuitikia kukawa kukunja leso na kuingia kwenye beseni la pili. Akaja mwingine na sabuni. Akaja mwingine na chai ndani ya chupa. Haikupita muda paa lilikuwa limegeuka harusi, na bwana harusi ni Githinji.

"Huyu mzee tulikuwa tunamsema bure," Mama Kim akatangazia wote. "Mwanamume wa kukanyaga blanketi la mtoto wa mtu! Wakoli, wewe umekaa hapo kama meya. Shuka usaidie!"

"Ninasimamia."

"Simamia na ndoo."

Nilishuka kwenye tangi, lakini si kwa ajili ya ndoo. Nilikuwa nimekasirika. Kazi ilikuwa nyepesi mno. Wanacheka! Basi nikaamua kuizidisha.

Nikapita mlango kwa mlango. "Mzee Githinji anauliza kama kuna blanketi jingine. Hata pazia. Hata zulia la mlangoni." Watu wakatoa vitu vilivyokuwa chini ya vitanda tangu wahamie Mowlem. Bado sikuridhika. Nikavuka barabara mpaka ploti ya jirani, yenye vyumba vya kupanga, nikasimama uani kama mhubiri.

"Jumba la Neema linawaalika. Leo tu."

"Tutoe nini?" mama mmoja akauliza.

"Mablanketi, mama. Mazito ndiyo tunayoyapenda zaidi."

Walivuka wakiwa foleni.

Githinji alipoliona rundo jipya alisimama, mikono kiunoni, maji yakimtiririka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona mabega yake yakishuka. Nikaona pia kwamba ni mzee. Sikulipenda jambo hilo nilipoliona, nikaangalia kwingine.

"Kamba zimejaa," akasema. "Hatuna pa kuanika. Ngojeni nishuke nitafute kamba nyingine. Na hiyo nyeusi ya ukingoni msiiguse. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kusikia walisikia. Lakini Githinji alikawia kurudi, na blanketi likiwa limelowa halishikiki kwa muda mrefu.

Saa nane ilikuwa imepita. Chini, orofa ya tatu, Celine alikuwa amejifungia chumbani, nywele amezifunga nyuma, kipakatalishi kiko juu ya meza ya kupigia pasi. Nilikuwa nimempitia kabla hajaanza.

"Githinji hawezi kugusa kitu leo," nilimwambia. "Nimempa kazi."

"Kazi gani?"

"Wewe fanya mtihani."

"Wakoli, umefanya nini?"

"Fanya mtihani, dada."

Sasa nilikuwa juu ya paa nikijipongeza, nikamwona Mama Kim akitembea na lile blanketi la chui mabegani, maji yakichuruzika mpaka visigino. Akapita kamba ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Akafika ukingoni, pale ambapo waya nyeusi inatoka kwenye kisanduku na kuvuka hewani kwenda jumba la jirani. Imekazwa vizuri. Haina hata soksi.

"Hii hapa inatosha," akasema, na kurusha.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, na sababu yake si hofu tu. Mkono wa Mama Kim ulivyorusha, na waya ilivyobonyea katikati, nilikuwa nimeviona kabla. Niliwahi kusimama palepale. Siku ya mtihani wa kwanza, Mama aliniamuru nifue blanketi langu la shule, lile zito la kijivu, na nikapanda nalo hapa, nikaona kamba moja nyeusi, safi, imekazwa, haina nguo za mtu. Nikalitupa hapo. Nikashuka kula.

Baadaye nilipolitafuta nililikuta limeanikwa vizuri kwenye kamba ya kawaida, limebanwa kwa vibanio. Sikujiuliza limefikaje. Mtu wa bording hajiulizi maswali kuhusu blanketi likiwa limekauka.

"Mama Kim! Toa!" hatimaye nikapiga kelele.

"Nitoe wapi? Niletee lile jingine!"

"Toa! Ni intaneti!"

"Intaneti iko hewani, wacha ushamba. Hii ni kamba."

Wenzake walikuwa tayari wamemfuata. La zambarau likaruka, la watoto likaruka, la ploti ya jirani likaruka. Nililikimbilia la chui nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Sijui kama ni uzito wao au ni mvuto wangu. Kisanduku kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kiberiti, na waya ikang'oka ukutani na kushuka na mablanketi yote mpaka kwenye uchochoro wa chini.

Kisha, kutoka chini, nikasikia mlango wetu ukifunguliwa.

Celine alifika juu ya paa kabla ya Githinji. Miguu mitupu, kipakatalishi kifuani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ni nani?" akauliza.

Githinji alitokea nyuma yake na kamba mpya mkononi. Akaona ukuta. Akaona shimo waya ilipong'oka. Akakaa juu ya ndoo.

"Niliwaambia nyeusi hapana," akasema. "Juzi ni hivihivi. Blanketi, limelowa, juu ya waya. Nilipanda na koleo nikaunga mpaka mikono ikakatika."

"Juzi?" Celine akamgeukia. "Mzee, juzi si wewe uliyekata?"

"Mimi nikate? Nikate kwa nini, mama? Mimi ndiye niliyetengeneza."

"Lakini Wakoli alikuona..."

Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma taratibu kuelekea ngazi. Mama Kim akanishika kola, bila hata kunitazama, kama mtu anayechukua kikombe mezani.

Ndipo simu ya Githinji ikalia. Madam Jecinta alikuwa amewasha simu baada ya mazishi. Githinji akaweka sauti kubwa ili mikono yake iliyolowa isiilowanishe simu.

"Githinji, nimeona umenipigia. Kuna nini?"

"Madam, ile kazi ya mablanketi tumefika mbali, lakini waya..."

"Mablanketi gani?"

"Yale ya tangazo lako."

"Mimi? Tangazo? Githinji, nimekuwa kaburini tangu asubuhi. Tangazo gani?"

Githinji akamwambia atampigia baadaye, akakata simu. Mama Kim ndiye aliyeanza kufikiri, na alifikiri kwa sauti.

"Ngoja. Nyumba yangu imeleta. Ya yule mwalimu wa shule imeleta. Wale vijana wa juu wameleta, hata wao ambao hawafui. Mpaka ploti ya jirani wameleta." Mkono wake ukakaza kola yangu. "Blanketi bure, kufuliwa bure, na kuna nyumba moja tu haijaleta hata foronya. Mama Celine si tajiri, na si mvivu. Kwa nini hakuleta?"

Nilijaribu kikohozi.

"Kijana, nimekuuliza. Ni nani hataki kufuliwa blanketi bure? Ni yule anayejua hakuna cha bure."

Kwa miaka yote bwenini sijawahi kukamatwa kwa akili safi namna hiyo. Kama singekuwa mimi, ningepiga makofi.

"Ni mimi," nikasema. "Tangazo ni langu."

Paa lote likapumua. Mtu akasema "Woi." Githinji aliangalia mikono yake, iliyovimba kwa maji, akaifuta kwenye suruali, kisha akaiangalia tena.

"Kwa nini?" akauliza.

Ningeweza kumjibu. Lakini simu ya Celine ilitangulia. Juu ya paa mtandao unashika vizuri, hilo ndilo lililokuwa likinichekesha kabla ya leo. Ilikuwa simu ya video. Uso wa Dkt. Mumin ukajaa kwenye skrini, miwani imeshuka puani.

"Celine. Umetoweka tena."

"Mwalimu, naomba..."

"Mara ya kwanza nilienda kwa bodi kukutetea. Mimi mwenyewe. Nikawaambia kuna shahidi. Leo niwaambie nini?"

Celine alijifuta uso kwa kiganja. Akanitazama, na kwenye macho yake hapakuwa na hasira. Palikuwa na ombi. Akaninyooshea simu.

"Huyu hapa, mwalimu. Shahidi mwenyewe."

Nikaipokea. Nikajiona kwenye kona ya skrini, mdogo, mwenye makombo ya mandazi ya asubuhi shavuni. Nyuma yangu, kwenye picha hiyohiyo, Githinji alikuwa amekaa kwenye ndoo.

"Ni wewe uliyeongea nami ile siku?" Dkt. Mumin akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliniambia ulimwona caretaker akikata waya. Ndiye aliyekata na leo?"

Msomaji, nataka ujue jinsi ilivyokuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na Celine anapata nafasi nyingine. Githinji asingejua hata jina la chuo ili akajitetee. Celine alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na nilihisi vidole vyake vikinihimiza, ingawa hakujua vinanihimiza nini.

"Hapana, mwalimu. Leo ni mablanketi. Mimi ndiye niliyeyaleta, kwa uongo. Dada yangu hakujua."

"Na ile ya kwanza?"

Nikamtazama Githinji kwenye kona ya skrini.

"Sikumwona. Nilimwona ameshika koleo tu. Alikuwa ametoka kuitengeneza. Aliyeiharibu ni mimi, kwa blanketi langu la shule, na sikujua mpaka leo."

Vidole vya Celine vikaachia kifundo changu, kimoja kimoja.

Dkt. Mumin alivua miwani. Akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Unaelewa ulichosema?" akauliza. "Dada yako alipewa mtihani huu kwa ushahidi wa uongo. Hapo si suala la kurudia mwaka tena. Ni suala la nidhamu. Kama yupo mtu mzima hapo, mpe simu."

Niligeuka kumtafuta mtu mzima. Mama yuko Gikomba. Mama Kim aliitazama simu, akarudi nyuma hatua moja.

Githinji alikuwa amesimama kutoka kwenye ndoo. Alikuja mpaka mbele yangu, bado anachuruzika, akanyoosha mkono wake uliovimba.

"Leta," akaniambia.